Tairi lililoua samaki wa Seattle: kemikali inavyopimwa majini na mtihani unavyoweza kukupiga chenga

Pipeti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wiki mbili zilizopita kulikuwa na uzi humu wa samaki kufa mtoni. Kabla ukurasa wa kwanza haujaisha kiwanda kilishahukumiwa, mwenye kiwanda katajwa kabila, na mdau mmoja kaapa alisikia harufu akiwa kwenye daladala. Sikuchangia. Nilisema nitakuja na uzi wangu, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha: kuua viumbe wa maji kwa utaratibu na kuandika wamekufa saa ngapi.

Niko jimbo la Washington, Marekani, mwaka wa saba sasa, fundi maabara. Profesa ni wengine, mimi nashika pipeti, kile kibomba cha kunyonyea na kudondoshea maji ya vipimo.

Twende. Kemikali ya kiwandani ikiletwa kupimwa, hatuulizi kama ni sumu. Hata chumvi ya mezani ukiizidisha ni sumu. Tunauliza kiasi gani, kwa kiumbe gani, kwa muda gani. Utaratibu unaofuatwa nchi nyingi ni wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, na una ngazi tatu za chini kabisa. Mwani, vile vimelea vidogo vya kijani vya majini, kwa saa 72, tunaangalia kama unaacha kukua. Dafnia kwa saa 48. Samaki kwa saa 96.

Dafnia ndio wangu. Ni kijidudu cha maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, wengine wanamwita kiroboto maji kwa sababu anaruka-ruka anapoogelea. Tunatumia vichanga wa chini ya saa 24, wadogo kuliko kichwa cha pini. Wanaingia 20 kwa kila kiwango cha kemikali, watano watano kwenye bika, yaani glasi ya maabara. Baada ya saa 48 unainua bika juu ya taa, unalitikisa polepole, unahesabu hadi 15 kimoyomoyo. Asiyeogelea ndani ya sekunde hizo anaandikwa. Na hatuandiki "amekufa", tunaandika "hasogei", kwa sababu ukimweka chini ya hadubini mwili wake ni kama kioo na moyo unaweza kuwa bado unadunda. Mara ya kwanza kuona hivyo nilishindwa kula mchana. Sasa nakula.

Kwa samaki mantiki ni ileile: angalau saba kwa kila kiwango, viwango vitano, vinapandishwa kwa hatua ndogo ndogo. Mwisho unachora mstari, unatafuta kiwango kilichoua nusu yao. Hicho ndicho LC50 mnachokiona kwenye karatasi za usalama wa kemikali. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali. Kimataifa, ikiua nusu kwa miligramu 1 kwa lita au chini ya hapo, inaingia daraja la kwanza la hatari.

Kisa chenyewe kinakuja. Nivute pumzi.

Mzee wa Kona

Nimekaa na kahawa yangu na kashata. Usije ukatuacha njiani kama wale wa "itaendelea" tangu 2014.

Kiboko ya Wajuaji

Kwa hiyo mkuu unalipwa dola kuua viroboto? Mimi nawaua bure kwenye mbwa wangu.

Pipeti

Kiboko, ukiwaua ukaandika na saa, nitumie wasifu wako.

Kabla ya kisa, kitu kimoja ambacho watu wa nje hawakioni. Kila jaribio lina kundi linganishi: bika lenye maji safi tu, hakuna kemikali. Hao wakifa zaidi ya asilimia 10, jaribio zima linatupwa, hata kama matokeo mengine yanapendeza vipi.

Mwaka wangu wa kwanza, kwenye maabara ambayo sitaitaja, kundi linganishi lilikufa lote. Tukarudia. Likafa lote. Bosi akaanza kuniangalia mimi. Nilisugua bika mpaka ngozi ya vidole ikabanduka, nikabadilisha maji, nikabadilisha mwani wa kuwalisha. Siku ya tatu mama mmoja Mfilipino, mzee wa kazi, akasimama nyuma yangu akauliza, "Huu mpira wa hewa ni mpya?" Ulikuwa mpya. Bomba jeusi la mpira la kupitishia hewa kwenye tangi la maji, lilifungwa Ijumaa. Tukalitoa, tukaweka la silikoni, dafnia wakaishi.

Mpira ulikuwa unavujisha kitu ndani ya maji, na kitu hicho hakikuwa kwenye orodha ya yale tuliyokuwa tunapima. Wekeni hilo akilini.

Dereva wa Tunduma

Nimeliweka. Sasa tairi limeingiaje? Maana mimi naishi juu ya tairi 22.

Pipeti

Seattle kuna vijito vinavyokatiza mjini. Miaka ya 1990 walivikarabati: wakapanda miti, wakaondoa takataka, wakaweka mawe ili samoni warudi kutaga. Samoni anazaliwa kijitoni, anakwenda baharini, anarudi kutaga maji baridi, kisha anakufa. Kwa hiyo samoni mfu kijitoni si habari.

Wakarudi kweli, hasa aina moja inaitwa koho. Ila mvua za vuli zikinyesha, koho waliokuwa wazima asubuhi walianza kuogelea juu juu kwa kuzunguka, mdomo wazi, mapezi yametanuka, wanaegemea ubavu kama mlevi anayetafuta ukuta. Saa chache, wamekufa. Kijito cha Longfellow kilifuatiliwa kila siku ya msimu kuanzia 2002 hadi 2009, na kila mwaka waliokufa kabla ya kutaga walikuwa kati ya asilimia 60 na 100.

Nimeenda pale mwenyewe, Novemba moja, na watu wanaojitolea kuhesabu mizoga. Kuna jike alikuwa kalala kwenye changarawe, mnene, magamba bado yanang'aa. Dada aliyekuwa anatuongoza akampasua tumbo kwa kisu. Mayai yote yalikuwa ndani, ya rangi ya chungwa, yamejaa kama tende kwenye kikapu. Akaandika kwenye daftari: hakutaga. Safari ya miaka mitatu kutoka hapo hadi Pasifiki na kurudi, imeishia hatua chache kabla.

Vifo hivyo ndivyo vilivyoanzisha uchunguzi, na ulichukua karibu miaka 20.

Mama Sato

Uwiii. Na mayai yote?

Kiboko ya Wajuaji

Kiwanda kiko wapi hapo? Tupe jina tuanze kuhukumu.

Pipeti

Kiwanda hakikuwepo, Kiboko. Hiyo ndiyo ilikuwa tabu.

Wakaanza na washukiwa wa kawaida. Oksijeni ndani ya maji, ilitosha. Joto, sawa. Amonia, hapana. Magonjwa na vimelea, hapana. Metali kama shaba na zinki, mabaki ya mafuta ya magari, viuatilifu, hakuna kilichoelezea vifo vile. Walifika mahali wakatengeneza mchanganyiko wao wa metali na mafuta, kwa viwango vya maji ya barabarani, wakamweka koho mzima. Hakufa. Wakachota maji halisi ya mvua kutoka barabara kuu ya mjini, wakamweka koho mwingine. Akafa. Wakachukua maji yaleyale ya barabarani wakayapitisha kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, wakamweka wa tatu. Akaishi.

Tafakari hapo. Dawa imepatikana kabla ya ugonjwa kujulikana. Udongo unakamata kitu, hatujui kitu gani.

Halafu kikaja kituko cha pili. Kuna samoni ndugu yake koho, anaitwa chamu. Wanafanana hivi kwamba mimi nisiye mvuvi hunichukua muda kuwatofautisha. Chamu akiwekwa kwenye maji yaleyale, bika lilelile tuseme, anaogelea kama hana habari.

Timu iliyokuja kuvunja fumbo ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Washington upande wa Tacoma pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kule Puyallup. Majina yako kwenye jarida la Science la Desemba 2020: Zhenyu Tian, Edward Kolodziej, Jenifer McIntyre na wenzao. Waligundua kwamba alama za kemikali kwenye maji yanayoua zinafanana na maji yaliyolowekwa unga wa tairi. Wakakwangua tairi, wakaloweka, wakaweka koho wadogo. Wakafa vilevile.

Sasa kwenye maji ya tairi kuna zaidi ya kemikali 2,000. Utampataje muuaji? Walifanya kama askari anayegawa kijiji vitongoji. Unayachuja maji kwa njia fulani, unapata mafungu. Kila fungu unaweka samaki. Fungu lisiloua unalitoa. Linaloua unaligawa tena kwa njia nyingine, unaweka samaki tena. Hivyo hivyo, miezi na miezi, mpaka zikabaki kemikali chache na moja ikiwa nyingi kuliko zote.

Wakaipima: kaboni 18, haidrojeni 22, naitrojeni 2, oksijeni 2. Wakatafuta kwenye orodha za kemikali za tairi. Haimo.

Mzee wa Kona

Usikate hapo wewe!

Pipeti

Nimekata kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika, mzee wangu, dafnia hawasubiri.

Tian akawaza hivi: kitu kikikaa nje kwenye hewa na jua, kinaweza kupoteza haidrojeni na kuokota oksijeni, lakini kaboni na naitrojeni kwa kawaida zinabaki. Basi usitafute jina kamili, tafuta ndugu: mwenye kaboni 18 na naitrojeni 2. Akampata. Inaitwa 6PPD. Kaboni 18, haidrojeni 24, naitrojeni 2. Karibu kila tairi duniani linayo, kati ya asilimia 0.4 na 2 ya uzito wake.

Wakachukua 6PPD wakaikutanisha maabara na ozoni, ile aina kali ya oksijeni iliyomo hewani. Ikatoka kemikali ileile: imepoteza haidrojeni mbili, imepata oksijeni mbili. Wakaipa jina 6PPD-kwinoni. Wakaiweka peke yake kwenye maji safi, wakaweka koho.

Akaanza kuzunguka, mdomo wazi.

Kwa hiyo kilichoua hakikutengenezwa na kiwanda chochote. Kiwanda kilitengeneza 6PPD, barabara na hewa zikamalizia. Kama ungeniletea 6PPD maabara mwaka 2010 ningekupimia 6PPD. Huyo mtoto wake nisingemjua.

Dereva wa Tunduma

Mkuu hapa mnatuonea. Hiyo 6PPD wanaiweka ya nini? Si waitoe tu?

Pipeti

Dereva, ukiitoa bila kuweka mbadala, wewe ndiye wa kwanza kulia. Umewahi kuona tairi lililokaa muda mrefu lina nyufa ndogo ndogo ubavuni? Sehemu ya hizo ni kazi ya ozoni, inakata mpira. 6PPD inapanda yenyewe kutoka ndani ya tairi hadi juu ya uso, inakutana na ozoni kabla ozoni haijaufikia mpira. Inajitoa mhanga. Ndiyo maana tairi lako linateremka Sekenke na mzigo bila kupasuka. Uzuri wake wa kugombana na ozoni ndio huohuo unaozaa hiyo kwinoni.

California tangu Oktoba 2023 imeyaweka matairi yenye 6PPD kwenye orodha ya bidhaa zinazotakiwa kutafutiwa mbadala. Mwaka huohuo makabila matatu ya wenyeji, Yurok, Port Gamble S'Klallam na Puyallup, ambao samoni kwao ni chakula na mila, waliiandikia mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, kuiomba idhibiti 6PPD kwenye tairi. Novemba EPA ikalikubali ombi. Bado ni mlolongo mrefu.

Kiboko ya Wajuaji

Mimi nimevaa katambuga za tairi tangu darasa la tano. Je, nitazunguka mdomo wazi?

Mama Sato

Wewe Kiboko ulishaanza zamani, hatukutaka kukwambia.

Mkemia Mstaafu

Kijana, maelezo mazuri. Naongeza moja maana watu watanakili namba. Mwaka 2020 walisema kinachoua nusu ya koho ni mikrogramu 0.8 kwa lita. Mwaka 2022 timu ileile ikarekebisha: nanogramu 95 kwa lita (nanogramu elfu moja ndiyo mikrogramu moja), yaani ukali mara nane zaidi. Samaki hawakubadilika. Kilichobadilika ni rula. Mwanzoni walitumia kwinoni waliyoitengeneza wenyewe kama kipimo, baadaye ikapatikana ya dukani iliyo safi zaidi, wakaona ile ya kwanza ilikuwa inawadanganya. Namba za maji ya barabarani za mwaka 2020 nazo zilipimwa kwa rula ya zamani, kwa hiyo asije mtu akachukua namba ya zamani upande mmoja na mpya upande mwingine, akagawanya, akatutisha.

Pipeti

Shikamoo mzee. Hilo nilikuwa nimelikwepa kwa uvivu, asante kwa kunisahihisha.

Kwa wasiopenda nanogramu: chukua simtanki la lita 5,000, lijaze maji. Dondosha humo kwinoni nusu miligramu hivi, yaani kama chembe moja ya sukari. Chembe, siyo kijiko. Koroga. Maji hayo yanaua nusu ya koho utakaowaweka. Nilisema juu kwamba daraja la kwanza la hatari linaanzia miligramu 1 kwa lita. Hii iko chini ya mstari huo zaidi ya mara 10,000.

Na sasa ile sehemu iliyoninyima usingizi mimi kama fundi. Wajapani waliipima kwinoni hii kwa viumbe wa maabara wa kawaida: samaki pundamilia, samaki mdogo aitwaye medaka, na dafnia. Walipandisha kiwango hadi mahali ambapo kemikali yenyewe inakataa kuyeyuka zaidi. Hakufa mtu. Dafnia wangu waliogelea kama wako harusini.

Maana yake, tuseme kemikali hii ingekuja kwetu kwenye chupa yenye lebo, bila historia. Ningeiweka kwenye bika, saa 48, ningehesabu hadi 15, ningeandika: wote wanasogea. Mwenzangu wa samaki angeandika: wote hai. Ripoti ingetoka safi, yenye muhuri, na isingekuwa na uongo hata mstari mmoja. Tungekuwa tumeua koho wa Seattle kwa karatasi.

Ndiyo sababu kuna kugawa kwa tahadhari: ukiwa na vipimo vya muda mfupi vya mwani, dafnia na samaki peke yake, unachukua namba ndogo kuliko zote unaigawa kwa 1,000 kabla ya kusema kiwango hiki ni salama kwa mto. Watu wa viwanda huwa wanalalamika kwamba 1,000 ni woga. Kwa koho, hata hiyo 1,000 siwezi kuapa kwamba ingetosha, kwa sababu umbali kati ya koho na dafnia haujulikani mwisho wake.

Kiboko ya Wajuaji

Sasa nakuuliza kwa dhati, mkuu. Mto Mara, Machi 2022. Maji yakawa meusi, samaki wakaelea. Kamati ya serikali ikarudi na kinyesi na mkojo wa ng'ombe na mimea iliyooza. Nchi nzima ilicheka. Wewe unasemaje?

Pipeti

Nilicheka na mimi, siwadanganyi. Niliposoma tena niliacha kucheka kidogo.

Sitasema kamati ilipatia au ilikosea, sikuwa na chupa ya maji yale mkononi. Ila hoja kwamba kinyesi kinaweza kuua samaki mtoni si kichekesho. Mto huohuo, upande wa juu, Kenya, kuna utafiti ulichapishwa 2018 kuhusu viboko, majina yako Kiboko. Ni zaidi ya 4,000. Wanakula nchi kavu usiku, mchana wanajisaidia kwenye madimbwi. Kiangazi kinyesi kinatuama chini, bakteria wanakila, oksijeni inaisha, chini panakuwa supu. Mvua ikinyesha juu ya mto, furiko linasukuma supu ile yote kwa mkupuo mmoja. Samaki walioko mto unakoelekea wanapigwa na maji yasiyo na hewa. Wanakufa mamia na hakuna hata tone la kemikali ya kiwandani.

Tatizo la jibu la namna hiyo ni kwamba linamfaa pia mwenye kiwanda anayetaka kujificha nyuma ya ng'ombe. Kinachowatenganisha ni chupa. Maji yaliyochotwa siku ileile, samaki wakiwa bado wanahangaika, na mita ya oksijeni palepale mtoni. Ukienda baada ya wiki unakuta maji mengine, yaliyoua yameshafika ziwani. Seattle walimaliza suala la oksijeni mapema kwa sababu walikuwa wanapima kijitoni huku koho anazunguka miguuni pao.

Mwana wa Nyeri

Wasee, hapa kwetu mito ya Mlima Kenya iko na trauti, wale wa upinde wa mvua, wameletwa na wakoloni. Huyo trauti si ni ndugu ya samoni? Na barabara kubwa inapita juu ya mito hiyo.

Pipeti

Umegonga penyewe, ndugu. Trauti wa upinde ni jenasi moja na koho. Alipimwa Kanada, matokeo yakatoka 2022: nusu wanakufa kwa takribani mikrogramu 1 kwa lita. Ni mvumilivu kuliko koho mara kumi hivi, ila bado ni sumu kali kwake. Wenzake wengine kwenye utafiti uleule, kama chari wa Aktiki, hawakudhurika. Ukoo mmoja, mmoja anakufa mmoja anatazama.

Kama unafuga, usiingize kwenye bwawa maji ya mtaro wa lami, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, ndiyo inayofagia unga wote wa tairi. Na kama huna njia nyingine, yapitishe kwanza kwenye mtaro mpana wenye mchanga, mboji na majani. Koho aliokolewa na kitu hichohicho, na hakina gharama ya kutisha.

Mama Sato

Mwanangu Pipeti, nimesoma uzi wote na miwani. Mimi nafuga sato, bwawa moja, nje kidogo ya Morogoro. Juu yangu kuna kijana anaosha magari na pikipiki. Wiki hii naamka nakuta samaki wameelea, jana 14, juzi 9. Nimeshamwambia mwenyekiti wa kitongoji yule kijana aondoke. Sasa nimeanza kupata wasiwasi. Nifanye nini?

Pipeti

Mama, pole sana. Nijibu haya kwanza. Wanakufa saa ngapi? Wakubwa au wadogo? Kabla ya kufa wanafanya nini? Maji yana rangi gani? Na konokono na viluwiluwi wa bwawani, wako hai?

Mama Sato

Nawakuta alfajiri. Mchana hafi hata mmoja. Wanaokufa ni wakubwa, wale wa kuuza, vifaranga wazima. Alfajiri wako juu juu wanafungua midomo, jua likipanda wanashuka. Maji ni kijani kibichi, mwanangu, mkono ukiingiza hadi kiwiko huoni vidole. Konokono wapo tele.

Mkemia Mstaafu

Aha.

Pipeti

Mama, usimfukuze yule kijana bado. Kijani hicho ni mwani. Mchana unatengeneza oksijeni, usiku unavuta kama samaki wako wanavyovuta. Kuelekea alfajiri inakuwa imekwisha, na mkubwa ndiye anayeanza kwenda kwa sababu anahitaji nyingi. Sumu mara nyingi haichagui saa, na mara nyingi inaanza na wadogo. Nasema mara nyingi, maana mmeshaona koho alivyotufundisha adabu.

Tafuta mita ya oksijeni. Ofisi ya uvuvi ya wilaya wanaweza kuwa nayo, au uliza chuo cha kilimo. Pima mara mbili: saa 11 alfajiri na saa 9 alasiri. Na chota chupa mbili za maji pale anapooshea magari, chupa ya kioo, jaza hadi juu, weka kwenye friji, andika tarehe na saa. Ukihitaji kumshtaki baadaye unazo. Usipohitaji, unamwaga.

Mama Sato

Nimerudi. Samahani siku nne kimya. Mita nimeazima kwa mwalimu wa chuo, kaja nayo mwenyewe hakutaka kuniachia. Saa 11 alfajiri, mjukuu kashika tochi, ilisoma 1.3. Mwalimu akapiga kidogo kichwa cha mita akidhani imeharibika. Alasiri ikasoma 13.

Pipeti

Miligramu 1.3 kwa lita. Mama, mimi nashangaa hao waliobaki wanaishije.

Sitisha mbolea ya kuku kabisa. Chakula punguza, toa asubuhi jua likishapanda, jioni usitoe. Badilisha theluthi ya maji kama una chanzo, na yaingie kwa kudondoka kutoka juu yapige uso wa bwawa. Wakianza kupanda juu usiku, washa pampu yoyote irushe maji hewani hadi kupambazuke.

Mama Sato

Mbolea ya kuku umejuaje?

Mzee wa Kona

Kijani kile Mama, hata mimi ninayekunywa kahawa nimejua.

Mama Sato

Haya. Leo wamekufa wawili. Yule kijana wa magari nimempelekea sato mmoja mzima, wa kukaanga. Kanishangaa. Chupa zake mbili bado ziko kwenye friji yangu, nyuma ya maziwa, zimeandikwa tarehe.